Barua Nilizojiandikia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe kwa kunipa ujasiri wa kusimama hapa. Na nyinyi majirani zetu wa mtaa wa Langoni mliokuja kuketi nasi leo, asalaam alaykum. Naitwa Agnesi. Wasichana wa shule hii wananijua kama mwalimu wa Kiswahili, na wengine wananijua kwa ukali. Leo nataka mnijue kama mwongo ambaye Mungu alimwokoa.

Shule hii haikuanza na majengo haya mnayoyaona. Ilianza na vyumba viwili vya mawe na bati, kisima cha maji ya chumvi, na bweni moja la vitanda kumi na viwili. Kanisa letu la Kimethodisti hapa Amu, kisiwani Lamu, lilikuwa na waumini wachache, wengi wao watu wa kuja: askari, wauguzi, makarani. Hawakuwa na kiwanja. Walipewa na familia moja ya Kiislamu ya Langoni, kwa sharti moja tu: mabinti wa Kiislamu wasome na mitandio yao, na wapate chumba cha kuswalia. Mchungaji alikubali siku hiyo hiyo. Ndiyo maana chumba cha kuswalia kilijengwa kabla ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Mimi ni mmoja wa wasichana wa mwanzo kabisa. Mama yangu alifariki kwetu Tana nilipokuwa darasa la saba. Baba alikuwa mwashi. Baada ya mazishi akafuata kazi kisiwani Pate, nami nikabaki kwa shangazi. Mchungaji wa nyumbani ndiye aliyenitafutia nafasi hapa. Alinileta mwenyewe kwa basi na boti, akanikabidhi kwa mwalimu mkuu, Madam Karimi, akarudi zake. Baba hakuwapo.

Bwenini tulianza saba. Maji ya chumvi yakatushinda. Mmoja aliota upele mwili mzima, mamake akaja kumchukua. Wengine wakahamishwa mmoja mmoja. Kufikia muhula wa pili nilikuwa nimebaki peke yangu.

Ndugu zangu, mnajua kuamka katika chumba chenye vitanda kumi na kimoja visivyo na magodoro? Unatandika chako vizuri, na hakuna wa kukiona. Mpishi aliacha sufuria kubwa za shule, akawa ananipikia kwa kisufuria alichokitoa kwake. Saa kumi wasichana wa kutwa walivaa mabuibui yao wakaenda zao wakicheka, nami nikasimama dirishani nikizisikiliza sauti zao mpaka zikapotea vichochoroni. Halafu nilifanya hesabu kwa sauti, ili nisikie mtu akisema. Ibada ya jioni tulikuwa wawili, mimi na Madam Karimi. Siku alipougua homa niliimba peke yangu. Nilipofika ubeti wa pili nikanyamaza, nikaketi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ilikuwa siku ya wageni. Wa kutwa hawakuwa na haja nayo, kwa hiyo siku ile ilikuwa yangu mimi tu. Nilipiga sare pasi, nikaketi kwenye benchi la ofisi tangu asubuhi. Baba hakuja. Mwezi uliofuata hakuja. Uliofuata, hakuja. Enzi hizo simu ya Pate ilikuwa ya kubahatisha, na kila Madam Karimi alipojaribu hakumpata. Nilimwomba Mungu mpaka nikachoka. Nikasema moyoni, na Mungu naye yuko Pate.

Swafiya, rafiki yangu wa darasani, akaniuliza siku moja, "Agnesi, babako hakutumii hata barua?"

"Hunitumia," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe! Wiki ile nikaandika barua ya kwanza. Niliiandika kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko uwe mzito kama wa mtu mzima. Nikasema imeletwa na watu wa boti. "Mwanangu Agnesi, chokaa imenila mikono, lakini kila nikipumzika nakuwaza wewe." Swafiya aliposikia alilia. Nami nililia, kwa uchungu kumshinda, maana nilimjua aliyeiandika. Nikaandika nyingine. Na nyingine. Ndugu zangu, uongo ule ulikuwa mtamu kwangu kuliko maombi!

Mwisho wa mwaka kukawa na ibada ya kuushukuru mwaka wa kwanza wa shule. Habari zilikuwa zimeshaenea kwamba bweni litafungwa kwa kukosa watu. Shangazi alikuwa ameolewa akahamia mbali. Bweni likifungwa, sikuwa na pa kwenda. Madam Karimi akaniita.

"Agnesi, Swafiya ameniambia kuhusu barua za baba yako. Chagua moja uwasomee wazazi. Wakisikia mzazi anavyomlea mtoto hata akiwa mbali, watatuletea mabinti zao."

"Sawa, Madam," nikasema.

Siku ikafika. Mchungaji alikuwepo, na wazee wa ile familia iliyotoa kiwanja, na mama yake Swafiya mstari wa mbele. Nikafungua karatasi. Nikasoma, "Mwanangu Agnesi," ulimi ukakwama. Nikaanza tena, ukakwama tena. Nikasikia ndani yangu, wazi kabisa: sema kweli.

Nikasema, "Barua hii nimeiandika mimi. Zote nimeandika mimi. Baba yangu hajui kusoma wala kuandika. Sina mtu."

 Nilimwona Madam Karimi akiinamisha kichwa, nikajua nimelizika bweni kwa mikono yangu.

Ndipo akasimama Bwana Athumani, bawabu wetu, mtu wa kijiji cha Kipungani, mtu wa maneno machache. Alivua kofia yake akaishika mkononi.

"Mwanangu, usiseme huna mtu," akasema. "Babako huya. Huya kila siku ya wageni. Hufika pale langoni, nami humpa daftari atie jina na sahihi, kama nilivyoagizwa. Huliangalia, akasema amesahau kitu mjini, akashika ndia akarudi. Mara ya tatu akaniomba, 'Bwana, mtoto asijue kwamba babake ameaibika hapa langoni kwa kushindwa kuandika jina.' Ilikuwa amana, nimeitunza. Leo naivunja, Mungu anisamehe."

Ndugu zangu! Kutoka benchi la ofisi lango halionekani. Kati yangu na baba ilikuwa kona ya ukuta tu! Miezi yote ile mimi nikiona aibu upande huu, na yeye akiona aibu upande ule.

Mama Swafiya akaja akanifunika kwa buibui lake mbele ya watu wote. "Kwani mimi ni nani?" akaniuliza. "Kila Ijumaa utakula kwangu."

Shule ilipofungwa, Bwana Athumani alinipeleka jetini, akanipandisha boti ya Pate. Nilimkuta baba juu ya jukwaa akipiga lipu ukuta wa nyumba ya watu. Alipoiona sare yangu akashuka polepole. Hakuweza kunitazama.

"Nani amekwambia?" akauliza.

"Baba, hata mimi nimekosa," nikasema. Nikamweleza habari za barua. Nilidhani atakasirika. Akanawa mikono, akaketi juu ya mawe, akaniomba nimsomee moja. Nikamsomea mpaka mwisho. 

Kisha akasema, "Ndivyo nilivyotaka kusema."

Haleluya! Siwezi kulisimulia hili bila machozi, na miaka imepita mingi.

Sitawadanganya tena. Bweni halikufungwa, lakini halikujaa kwa siku moja. Nilikaa peke yangu muhula mwingine mzima kabla ya kuletwa wasichana watatu kutoka Faza. Vitanda vilikuwa vile vile na maji yale yale. Ila moyo wangu haukuwa ule wa zamani, maana nilijua nimesikiwa. Baba amekwisha kutangulia mbele ya haki. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa Bwana Athumani, na kwa meza ya mama Swafiya.

Na nyinyi kidato cha kwanza mliofika wiki hii, nimewaona mkila mkiwa mmeinamia sahani. Neno lile unaloona haya kulisema, mwambie Mungu, kila mmoja kwa imani yake. Langu lilikuwa "sina mtu", na hilo ndilo lililokuwa ombi langu la kwanza la kweli. Mtumainini Mungu! Ukishasema, njoo kwangu. Nyumba yangu ni ya pili baada ya jiko. Usibishe hodi, ingia tu.