Kilo Nane na Nusu

Wamama wenzangu, na nyinyi wababa wawili mumejibanza pale nyuma, sogeeni mbele, siumi mutu. Leo mumesema nisimame mi, nitoe ushuhuda. Mudomo wangu hauna breki, munaujua, lakini hii habari nimeimeza muda murefu. Majina sitataja.

Wale wa zamani hapa munajua mutoto wangu wa kwanza alikufia njiani, tulipokimbia risasi. Homa siku mbili, dawa hakuna. Hiyo nilishawaambia, tusirudi huko.

Ndiyo ilinifanya, nilipofika mutaa huu wa Bwiza, niende kujifunza kuandika programu za ordinateri, ile kompyuta. Mulinicheka! "Mama muzima na ordinateri?" Lakini mi nilikuwa na programu moja tu kichwani: muganga wa dispanseri anaingiza kilo za mutoto, mashine inamuambia vijiko vingapi vya dawa ya homa. Basi, si zaidi.

Darasani tulikaa wawili wawili kwa mashine moja. Mwenzangu alikuwa mama mumoja mukimbizi kutoka Uvira, mupole, hakosi maandazi kwenye mufuko. Mwalimu alikuwa na sheria yake. Kila kazi tunaituma kwa internet, kwa namba, si kwa jina. Unapokea kazi ya namba ingine, unaijaribu, unaandika umeingiza nini na imetoka nini, halafu unatoa pointi juu ya ishirini. Ni marufuku kusema namba yako. Ukifika kuandika, jirani anageuza kichwa asione. Mwalimu alisema, "Humu ndani sitaki mutu apewe pointi za kartiye yenye analala." Munakumbuka siku zile, vita iko pale juu tu kwenye milima, na kila kartiye, kila mutaa, na watu wake.

Basi nikatuma programu yangu. Mi nilikuwa nimeijaribu kwa kilo kumi, kumi na mbili, ishirini. Yote sawa. Namba nne akanipa kumi na sita. Namba tisa akanipa tano! Akaandika: "Nimeingiza 4,5. Programu inatupa ule mukato, inasoma kilo arobaini na tano. Hii programu itaua mutoto."

Itaua mutoto. Mi! Nililia pale pale kwenye kiti. Nikaapa namba tisa ni kijana mumoja wa darasa letu, wa Kinanira, kule kwa matajiri, mwenye viatu vinang'aa, mwenye ordinateri nyumbani kwao. Nilimujuaje? Sikumujua. Lakini vita ilitufundisha hivyo, ndugu zangu: mutu hajamaliza kusema, tayari tunatafuta ni wa wapi.

Mwenzangu wa Uvira nikamueleza yote, mpaka habari ya mutoto wangu. Akanisikiliza vizuri.

"Pole, mama. Lakini ile namba yenye ameandika, umeijaribu?"

"Apana. Siwezi kumupa ile furaha."

"Si juu ya furaha yake. Jaribu tu."

"Mama, niache. We hujui uchungu wangu."

Akanikatia andazi nusu.

Juma lenye lilifuata, mashine ikanipa kazi ya kuhukumu. Ya nani? Namba tisa. He! Nikasema Mungu mwenyewe ameniletea. Nawaambia ukweli, wamama: sikuifungua. Nikaandika, "Nimeingiza kumi, mashine imezima." Nikamupa mbili juu ya ishirini. Nikaenda kula, na chakula kikapita vizuri kabisa.

Zile pointi za kazi zote ndizo zilichagua mutu wa kwenda staji, kujifunza kazi kwa vitendo, nafasi moja tu, kwenye dispanseri kule Zone Industrielle, upande wa viwanda. Namba tisa alikuwa wa kwanza mpaka nilipofika mi. Zile mbili zangu zikamuangusha, na nafasi ikanifikia mi niliyekuwa wa pili. Mwenzangu wa Uvira akanishika mukono, "Hongera, mama." Macho yake mekundu. Nikafikiri ni mafua.

Siku ya kuonyesha programu kule dispanseri, muganga akasema tuijaribu kwa mutu wa kweli. Mama mumoja alikuwa pale na mutoto wake kwenye mizani. Muganga akasoma, "Nane na nusu," akapiga 8,5 vile sisi wote tulivyofundishwa shuleni, na mukato katikati. Mashine ikajibu: vijiko kumi.

Muganga akacheka. "Mama, mashine yako inataka kumulaza huyu moja kwa moja!"

Yeye alicheka. Mi niliangalia mizani. Kilo nane na nusu ndizo alizopimwa mutoto wangu mara ya mwisho. Mwajua kwa nini sikuwa nimejaribu namba yenye mukato? Nilikuwa naikimbia ile moja. Kila nikifika kwenye nane, vidole vinaruka vinaenda kumi.

Jumamosi nikasimama mbele ya darasa kama nilivyosimama hapa. Nikasema: niliandika uongo, kazi ya namba tisa sikuifungua, na nafasi hii si yangu. Namba tisa anisamehe. Nikamuangalia yule kijana wa Kinanira.

Kijana akashangaa. "Mi ni namba nne. Nilikupa kumi na sita!"

Pembeni yangu, mwenzangu wa Uvira akanyoosha mukono polepole.

"Ni mi."

"We? Na ulijua ile programu ni yangu?"

"Tangu siku ile ulilia."

"Mbona hukusema?"

"Sheria ya mwalimu. Tena ungenikasirikia na mi, na mashine ingebaki vile vile."

"Na zile mbili nilizokupa?"

"Nilizililia siku tatu," akasema. Halafu akacheka kwa aibu. "Nilifikiri ni yule kijana wa Kinanira."

Ai! Darasa zima likacheka, na kijana mwenyewe, maskini, akacheka kuliko wote. Mwalimu hakucheka. Alifungua kazi ya namba tisa mbele yetu, akaingiza kumi. Mashine haikuzima. Nafasi akairudisha kwa mwenyewe.

Na yule mama wa Uvira, siku ya kwanza ya staji, alinifanya nini? Alinipitia nyumbani. "Twende, programu ni yako, uisahihishe." Tulikaa naye mpaka mukato ukasomwa. Akaniambia, "Sasa ingiza." Nikauliza namba gani. Akaangalia dirishani, vile tulivyofanya darasani. Nikapiga nane, mukato, tano.

Asante kwa mwalimu, aliniacha nibaki darasani pasipo kunisema tena. Asante kwa yule kijana, leo ananiita mama. Na huyu mama wa Uvira, yuko hapa ndani, ameinamisha kichwa, maandazi muliyokula ni ya kwake. Mi sina mahubiri. Mutu akikuletea kazi yake, ifungue kwanza. Na akikuambia pale pabaya kwako, ingiza ile namba, hata kama vidole vinataka kuruka.

Leo ukipeleka kule dispanseri mutoto wa kilo nane na nusu mwenye homa, atapewa kijiko kimoja. Nimejaribu mi mwenyewe.