Kitambaa Cheupe cha Fundi Kiptanui

Mchungaji, majirani wa Bondeni, wafanyakazi wa karakana, na ninyi nyote mliopita kwenye vizuizi vya barabarani mkafika, familia inawashukuru. Anayewasomea ni dada mkubwa wa marehemu, na wanaomjua wanajua kwamba hapaki maneno asali, kwa hivyo aliyekuja kusikia kuwa marehemu alikuwa malaika, atusamehe.

Marehemu Elijah Kiptanui alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 huko Kampi ya Samaki, kando ya Ziwa Baringo, mtoto wa pili wa marehemu mzee Chelimo na marehemu mama Kobilo, akalelewa kwa maziwa, samaki na fimbo, na katika hivyo vitatu ni fimbo aliyoipenda, maana ndiyo aliyokuja kuwagawia wengine maisha yake yote.

Alisoma Marigat hadi darasa la saba, akamaliza mwaka wa 1966, akaachia hapo, kwa sababu alikuwa ameshaona injini ya boti ikifunguliwa ufukweni na vitabu havikumwingia tena kichwani. Mwaka wa 1969 alikwenda Kisumu, akajifunza dizeli kwenye boti za Ziwa Victoria, na mwezi wa Februari 1981 akaja Nakuru, akaajiriwa na Bwana Amarjit, ambaye yuko hapa na kilemba chake cheupe cha msiba, awe fundi mkuu wa injini za boti katika karakana yake ya Bondeni.

Kazi yake ilikuwa vita na moshi. Boti ya Baringo au ya Naivasha ikitoa moshi mweusi, ililetwa kwake kama mgonjwa, naye alisafisha nozeli, akapima pampu, akarekebisha mpigo wa dizeli mpaka masizi yakaisha, na ili kujua kwamba yameisha alikuwa na njia moja tu, kushika kitambaa cheupe kwenye mdomo wa bomba la moshi huku injini ikinguruma. Kitambaa kikitoka cheusi, aliizima papo hapo na aliyeitengeneza akaomba ardhi ipasuke. Kikitoka cheupe, hakusema kitu, ila aliiacha injini iendelee, akavuta kigoda akakaa kando yake kuisikiliza, na kwa Kiptanui hiyo ndiyo ilikuwa pongezi, nyingine hakuwa nayo. Tena aliweka sheria kwamba aliyepika haonji, maana yake fundi aliyeitengeneza injini husubiri nje ya mlango, na injini ikiwa inaimba hakuna kubisha wala kuingia.

Tarehe 5 Machi 1983 alimuoa Wachuka, binti wa Subukia, mwanamke aliyemfulia vitambaa hivyo kila jioni kwa karibu miaka ishirini na mitano, akivianika vyeupe pepepe, na hatukuwahi kusikia akiambiwa asante. Ndugu zake Wachuka leo hawakuweza kufika, kwa sababu mnazozijua, na wako wa upande wetu walioweza wakakataa, hao nao tumewaona.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Kipkemei, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1984, akakulia kati ya vyuma, akafundishwa na baba yake. Mwezi wa Agosti 2005 alipewa injini yake ya kwanza peke yake, ya boti ya Baringo, na kitambaa kikatoka cheusi. Marehemu alimwita ndani, akampangusa mdomo kwa kitambaa kile kile mbele ya wafanyakazi wote, akasema, "Kula. Mtu hula alichopika." Kipkemei alinawa uso kwenye pipa la maji, akaenda Subukia kwa wajomba kukamua ng'ombe, na baba na mwana hawakusemezana tena. Dada huyu anayewasomea alimwendea Kiptanui mara nyingi kumwambia amwite mtoto, akajibiwa kwamba mtoto atarudi na kitambaa cheupe au asirudi.

Basi mwaka wa 2007 wenye hoteli kadhaa za Naivasha walikubaliana kwamba kuanzia mwaka mpya boti yoyote ya dizeli inayotoa moshi mweusi haitabeba mgeni, kazi zikamiminika karakanani, na mwezi wa Desemba Kipkemei akarudi kimyakimya, akamwomba Bwana Amarjit injini moja, iliyo mbaya kuliko zote. Wachuka anasema kijana alikuwa halali vizuri, halii, hacheki, anataka neno moja tu kutoka kwa baba yake, na neno lenyewe si lazima lisemwe, kigoda tu kivutwe.

Ugonjwa marehemu hakuwa nao. Hapa wengine husomewa habari za kisukari na presha, sisi hatuna. Jumatano tarehe 16 Januari 2008 mji ulikuwa umefungwa kwa vurugu za baada ya uchaguzi, Bwana Amarjit alikuwa amekwama Milimani, na injini ya Kipkemei ilikuwa tayari. Siku za kawaida milango ya karakana huwa wazi, moshi unajiendea, lakini siku hiyo marehemu alifunga milango na madirisha yote, akatia komeo kwa ndani kwa kuogopa wahuni, akamtoa mwanawe nje kama ilivyo sheria, akawasha.

Kipkemei alikaa kwenye pipa lililopinduliwa, katika barabara tupu ambayo mwenye akili hakukaa, akatega sikio. Injini ikanguruma, ikaendelea. Mama yake alipomletea chai alimshika mkono, akamwambia, "Mama, sikiza. Hajaizima." Wachuka akakaa naye, wakanywa chai, wakacheka, anasema hakuwa amemwona mtoto wake akicheka tangu aondoke, na kadiri injini ilivyozidi kunguruma ndivyo walivyozidi kufurahi, hadi dizeli ikaisha ikajizima yenyewe. Walingoja mlango ufunguliwe. Waliogopa kubisha, kwa sababu walikuwa wamefundishwa wakafundishika.

Majirani walioitwa hatimaye walipouvunja mlango, marehemu alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa kimeegemea injini, kitambaa mkononi. Daktari alitueleza kwamba moshi wa injini una sumu isiyo na rangi wala harufu, na kwamba kuondoa masizi si kuiondoa sumu, na ndugu yetu, aliyepigana na moshi maisha yake yote, alikuwa akiamini kwamba asichokiona kwenye kitambaa hakipo. Alikuwa na miaka hamsini na saba.

Injini ile ilipelekwa Naivasha, boti ikakubaliwa, haitoi hata wingu la moshi, na imefungwa kwa kamba ufukweni, kwa kuwa wageni wote wameikimbia nchi. Barabara ya kwenda Baringo nayo haipitiki, ndiyo maana leo Jumamosi, tarehe 2 Februari, tunamzika hapa makaburi ya mjini, kati ya watu asiowajua.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, tunawashukuru majirani wa makabila yote waliouvunja mlango ule pamoja siku ambayo watu hawakutaka hata kuonekana pamoja, tunawashukuru wafanyakazi wa karakana, na Bwana Amarjit aliyetoa jeneza.

Kipkemei ametuuliza, tangu siku ile hadi asubuhi hii, kama baba yake alikiona kitambaa kabla usingizi haujamchukua. Watu wamemwambia ndiyo, alikiona, alifurahi, ili kumtuliza. Sisi hatukuwepo, hatujui, na dada wa marehemu hatadanganya juu ya kaburi. Tunachojua ni kwamba kigoda kilikuwa kimevutwa, na kwamba kitambaa kiko hapa, kila mtu akitazame, hakina doa.

Elijah Kiptanui, ni cheupe. Ungemwambia mwanao wewe mwenyewe. Haya, pumzika.