Masanduku ya Msabah Safari

Baraza letu liko Mkunazini, pale kichochoro kinapojikunja kuikwepa nyumba iliyotoa tumbo. Jiwe lake ni gumu, na baada ya alasiri hutema moto wote lilioupata mchana kutwa. Lakini siku zile mimi nilikuwa nakaa raha mustarehe, maana nilikalia siti ya nyuma ya pikipiki ya Msabah. Aliyeifungua ni Ubwa, fundi seremala tunayemwita Mita kwa sababu tepu ya kupimia haimtoki mkononi. Aliifungua siku ya kwanza ili apime, akaiweka barazani, na mimi nikaiwahi. Sasa ilikuwa siku ya tisa tunamchagulia Msabah masanduku ya pikipiki, na tulishachoka kiasi kwamba tulikuwa tunabishana huku tumefumba macho.

Msabah anashona mapazia ya mahoteli. Miaka minne iliyopita alinunua kwa Mjarumani mmoja, aliyekuwa akifundisha watu kuzamia Nungwi, dubwana la pikipiki la safari ndefu. Akamuahidi mkewe, Rahila, kuwa atampeleka nalo Songea akamuone shangazi yake, Bi Mwanakheir, aliyemlea tangu mdogo na ambaye sasa macho yamekwisha. Kwa miaka minne pikipiki imekwenda Bububu na kurudi. Ndiyo maana jina lake ni Msabah Safari. Ila safari hii alikuwa hana mzaha. Boti ni Jumamosi, leo Jumatano, na muuzaji wa Dar anataka jibu leo leo: masanduku magumu yale ya kufunga ubavuni, ya alumini au ya plastiki.

— Alumini, nikasema. Mwisho wa maneno.

— Mwisho wa maneno ulikuwa Jumatatu, akasema Ubwa. Tena ulikuwa plastiki.

— Jumatatu sikuwa na usingizi.

— Alumini inachafua nguo, akasema Ayoub. Huyu tunamwita Video, kwa kuwa hajapata kuona kitu ambacho hakukiona kwenye simu. Njia mbovu inatikisa, akaendelea, bati linajisugua na nguo, shati jeupe linatoka kijivu. Nimeona.

— Umeona pia mtu anapika chapati kwa pasi.

— Na zilitoka nzuri, yakhe.

Msabah akapangusa uso kwa kitambaa alichokuja nacho kutoka kazini, kipande cha pazia chenye maua.

— Jamani, mtu ananisubiri. Niambieni moja.

Hapo nikaona nimsaidie kwa elimu. Mimi wananiita Injinia, na jina sijalikataa. Shule niliiacha darasa la sita, tena mimi ndiye niliyeiacha, si yenyewe iliyoniacha.

— Sikiliza, nikamwambia. Mwaka tisini na nne nimetoka Mtwara mpaka Sumbawanga kwa pikipiki yenye masanduku ya plastiki. Kufika Tunduru, jua lishayalainisha yote mawili, yamening'inia kama masikio ya tembo. Nafungua ndani, nguo zishajipiga pasi.

— Mwaka tisini na nne ulikuwa Mwanakwerekwe unauza ndizi, akasema Hija, muuza kahawa wetu, huku anamimina bila kuniangalia.

— Nilichukua likizo.

— Kwenye ndizi zako mwenyewe?

— Nilijipa ruhusa.

Hija akanipa kikombe. Hakucheka. Hakuna aliyecheka. Siku ya pili ya mabishano watu wangeanguka chini. Siku ya tisa mtu anakunywa tu.

— Tatizo si kitu gani, tatizo ni mlango, akasema Ubwa. Sanduku la kufunguka ubavuni silitaki. Unafika kwa watu, unafungua, kila kitu kinakumwagikia miguuni. Wenyeji wanaiona nguo yako ya ndani kabla hawajakuona uso. Lifunguke juu, kama kasha la mtu mwenye heshima zake.

— La kufunguka juu utalifunguaje na umefunga mzigo juu yake? akauliza Ayoub.

— Nani kakwambia ufunge mzigo juu?

— Hija anataka kahawa mbichi kutoka Mbinga. Gunia hilo litakaa wapi?

Hija akainua mkono.

— Mie nlisema vibaba vitatu. Gunia mmelileta nyinyi.

Sasa nieleze hapa lile sanduku la tatu lilivyozaliwa. Mwanzo yalikuwa mawili, kushoto na kulia. La kushoto tukalijaza siku ya pili: spana, pampu, mipira ya ndani miwili, oili, na tochi. La kulia likajaa siku ya nne: galoni la maji, kopo la petroli nililolishauri mimi, miguu mitatu ya kusimamishia simu ambayo Ayoub alimkopesha Msabah ili amrekodie mandhari, na nguo za Msabah. Siku ya tano kahawa ya Hija ikakosa mahali. Ubwa akatwaa ubao wa mninga, akachonga kitako cha kulikalishia sanduku la tatu pale siti ya nyuma ilipokuwa. Kilikaa sawasawa, hakichezi. Sote tulikishika, tukakisifu.

— Na upana je? akasema Ubwa, akivuta tepu. Nshaupima mara tatu. Pikipiki na masanduku ubavuni ni sentimita mia na mbili. Kichochoro cha kwako, pale penye mtaro, ni tisini na nne.

— Kwa hiyo Songea nafika, kwangu sifiki.

— Ndiyo hivyo.

— Yanachomoka, akasema Ayoub. Unazungusha ufunguo, unayabeba mkononi kama mabegi. Tena yana mpira pembeni, maji hayaingii. Kuna mmoja alitumbukia mtoni na pikipiki yake. Masanduku yakaelea. Akapanda juu yake, akapiga kasia kwa kofia ya chuma, akatokea ng'ambo ya pili, nchi nyengine, wakamgongea pasi ya kusafiria imekauka.

— Na pikipiki?

— Video iliishia hapo.

Ubwa akafumba macho.

— Mkinipa wiki mbili nawatengenezea ya mninga matupu, na misumari ya shaba, na mtoto wa meza wa siri. Mwizi afungue, akute sanduku jengine. Alifungue, akute jengine. Asubuhi mumkute bado anafungua.

— Boti ni Jumamosi, akasema Msabah.

— Mtoto wa meza basi sitii.

Mimi sikuwa na hamu tena, lakini jina ni jina, mtu hulilinda.

— Nyote hamkufikiria Mikumi, nikasema. Barabara inakata mbugani. Plastiki, tembo anaijua, harufu yake ni ya dumu la maji, atakufuata. Alumini inang'ara. Tembo akitazama anajiona mwenyewe, anadhani ni jamaa yake, anasimama anamwamkia. Yeye anangojea kujibiwa, wewe ushapita. Mie walinisimamia watano.

— Mwaka tisini na nne, akasema Hija.

— Tisini na tano. Nikirudi.

Tulikuwa hapo pa tembo, kila mtu anaangalia kikombe chake, ndipo Rahila alipotokea upande wa sokoni. Kikapu mkononi, vitunguu na muhogo vimechungulia juu. Ni mwanamke mpole, na si mtu wa kusimama barazani pa wanaume. Siku hiyo akasimama.

— Asalamu alaykum.

— Waalaykumu salamu, tukaitikia, tukijivuta kukaa vizuri.

— Karibu kahawa, Bi Rahila, akasema Hija.

— Ahsante, sikuja kwa kahawa. Akamgeukia mumewe, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Nimekutana na Bi Tahiya sokoni. Kanipa pole. Kaniuliza mke mwenzangu anatoka Michenzani au anatoka shamba. Nikaona nije nikuulize wewe, maana kwangu habari haijafika.

Msabah akakitua kikombe chake.

Hapa lazima niseme, na naona haya kidogo. Mji huu mwanamume akionekana anachagua sanduku, watu hawaulizi la nini. Sanduku ni la bibi harusi. Linajazwa kanga, magauni, viatu, udi na manukato, linapelekwa kwao kabla ya ndoa, na wanawake wa nyumba hiyo hulifungua mbele za watu na kutoa kimoja kimoja. Mimi nilijua vizuri. Na Jumapili, nilipokutana na Bi Tahiya penye duka la viungo, akaniuliza habari za barazani, nikamwambia: "Msabah mwache, kashughulika na kuchagua sanduku. Tena si moja." Nikaondoka zangu nacheka peke yangu. Sasa kicheko chenyewe kilikuwa kimeniishia zamani.

— Ni masanduku ya pikipiki, Rahila, akasema Msabah mwishowe. Ya safari. Yetu sisi. Ya Songea.

— Ya pikipiki.

— Wallahi. Waulize hawa.

— Ni kweli, Bi Rahila, nikasema. Aliyesema vibaya ni mimi.

— Najua ni wewe, akasema. Nani mwengine.

Akaweka kikapu chini. Ilionekana anashukuru kukitua.

— Siku tisa mnachagua masanduku?

— Kuna mengi ya kutazama, akasema Ubwa.

— Mie sanduku langu la harusi liliazimwa, akasema Rahila. Hakuwa anamlaumu mtu, alikuwa anatueleza tu. Liliazimwa kwa huyu huyu Injinia. Siku ya saba likarudi kwao, nguo nikazitia kwenye boksi la sabuni. Mwaka wa ishirini na sita huu. Basi niliposikia Msabah ananunua sanduku, tena matatu, wala sikukasirika. Nlitaka niyaone yakoje.

Na hilo ni kweli. Sanduku lilikuwa la mama yangu, na alikuja kulidai mwenyewe, fungate haijesha.

Msabah akampa simu. Nilimuona anavyoifuta kioo kwanza, kwa kile kitambaa chenye maua. Akamsogelea, akamuonesha kwa kidole.

— Tazama. Haya ya alumini. Hili la kushoto la spana na mipira. La kulia la maji, na petroli, na nguo.

— Nguo zetu?

— Zangu ziko humo. Zako… zako tutazipanga. Na hili la nyuma la kahawa. Linakaa juu ya kibao, Ubwa kakichonga mwenyewe, hakichezi.

Rahila akaitazama picha kwa muda mrefu. Akaikuza kwa vidole viwili. Akaipunguza. Akaikuza tena pale nyuma.

— Kizuri, akasema. Na mimi siti yangu iko wapi?

Ubwa alikuwa amevuta tepu nusu mita. Ikamponyoka, ikajirudia yenyewe. Ayoub akatazama simu yake kana kwamba jibu limo humo. Msabah akamtazama Ubwa, Ubwa akanitazama mimi. Siku tisa tulipima mtaro, tulipima tembo, tukampimia Hija na kahawa yake, na katika sisi watano hapana hata mmoja aliyempima Rahila. Na mimi siti nilikuwa nimeikalia. Ilikuwa laini na imepata joto langu, na tangu amesimama pale yeye alikuwa ameiona.

Nikanyanyuka. Goti likalia. Nikaikung'uta, nikampa kwa mikono miwili kama mtu anayempa mkubwa wake kitu. Aliipokea, akaipangusa kwa ncha ya kanga, upande ule niliokalia, kisha akaigeuza akapangusa na wa pili.

— Shangazi haoni, akamwambia Msabah. Anamjua mtu kwa kumshika kiganja. Mkimpelekea spana sijui atazijuaje.

— Rahila.

— Sikasiriki. Nimechoka tu. Wewe chagua masanduku yako. Hii nakaa nayo mimi nyumbani mpaka Jumamosi.

Akaitia siti kwapani, akanyanyua kikapu. Msabah akainuka amsaidie, Rahila akamwambia akae amalize shughuli zake. Tukasikia ndara zake mpaka pale penye mtaro, penye sentimita tisini na nne, akapita, na baada ya hapo hatukusikia tena.

Hija akainua dele lake la kahawa, akalitikisa sikioni. Halikuwa na kitu.

Simu ikalia. Msabah akaifungua sauti, kwa mazoea, maana siku zote tisa mtu wa Dar alikuwa anazungumza na sisi sote.

— Bosi, mzigo wa boti wanafunga. Alumini au plastiki?

Msabah akatutazama mmoja mmoja.

— Lolote, akasema. Mawili.

— Ya kufunguka juu au ubavuni?

— Lolote, bwana.

— Na lile la nyuma? Si mlitaka matatu?

— Nyuma kuna mtu, akasema Msabah, akakata simu. Akakikunja kile kitambaa cha pazia mara mbili, akakitia mfukoni, akaondoka kuelekea mtaroni bila kutuaga.

Nikakaa. Jiwe lilikuwa na moto wake wote, na ugumu wake wote, nilishausahau. Nikamwomba Ubwa anipe kile kibao cha mninga nikikalie.

— Hicho hakiguswi, akasema. Hicho nampelekea Rahila. Atawekea sufuria.