Mama Sahani na Barua ya Cheza Kwanza

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, afisa wetu wa lishe na michezo ya shule anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Nimeandika thelathini na minne kwa sababu ndivyo jalada lake linavyosema. Mwenyewe anadai ni thelathini na mitano. Nilimpigia simu mumewe atuamue, naye akasema kwa upande wake ni kama arobaini na kitu, maana kazi ilikuwa inarudi nyumbani na mkewe kila jioni. Basi nimeliacha la jalada. Mnisamehe mapema: wasifu huu nimeuanza mara sita, na kila nikifika katikati kichwa kinanizunguka. Sababu mtaiona.

Alianza kazi kama mwalimu wa michezo katika shule ya msingi yenye uwanja mmoja na mpira mmoja, tena huo mpira mwalimu mkuu aliufungia kabatini usichakae. Baada ya miaka minane akahamishiwa ofisini kwetu. Kitengo wakati huo kilikuwa meza moja, viti viwili na mimi, karani wake, mchapaji wa barua na mtunza majalada. Hadi leo ndiyo kazi yangu.

Watoto wa shule zote thelathini na moja wanamwita Mama Sahani. Akifika shuleni, wapishi humfunulia masufuria aone chakula kilivyoiva vizuri. Yeye huyapita kama hayaoni, akaenda moja kwa moja kwenye beseni la vyombo vichafu, akainama na kuhesabu sahani zilizorudi na chakula. Kwenye sufuria, husema, kuna matumaini tu. Siku moja mpishi mgeni alidhani ni kibarua mpya wa kuosha vyombo, akamkabidhi sabuni na dodoki. Mama Sahani akaosha. Alimaliza beseni zima, akajifuta mikono, ndipo akajitambulisha. Mpishi yule nasikia hadi leo akiona mgeni jikoni anamvutia kiti kwanza.

Na mambo ya uwanja je? Kuna mwalimu mkuu aliyekuwa akiegesha gari lake katikati ya uwanja pekee wa shule, eti kuna kivuli. Mama Sahani hakubishana naye. Alitoa kamba kwenye mkoba, akaanza kuruka pembeni ya lile gari, na sketi yake ya ofisini na raba zake nyeupe. Watoto wakaja wawili, wakaja kumi, wakaja na mpira. Mwalimu mkuu alichungulia dirishani mara moja tu, akateremka mbio na funguo mkononi. Gari halikuonekana tena uwanjani.

Sasa nafika pagumu. Kamati ya sherehe iliniagiza sehemu hii niiandike kwa urefu, kwamba Mama Sahani ndiye aliyebuni mpango wa Cheza Kwanza. Wafanyakazi wapya huenda hamjui kulikuwaje zamani. Watoto walikuwa wanapewa chakula kwanza, halafu michezo. Basi walikuwa wanapiga vijiko viwili vya maharage na kutoka mbio wasikose nafasi kwenye timu, chakula kinabaki, na mchana wanasinzia darasani. Siku hizi wanacheza nusu saa, wananawa mikono, wanakaa wanakula bila haraka, maana hakuna kinachowaita nje. Sahani zinarudi tupu. Cheti cha mpango huo kiko ukutani pale mapokezi, kimekaa upande kidogo.

Hapo ndipo nilipokwama mara sita. Mama Sahani hakuubuni mpango huo. Lilikuwa kosa langu la kuchapa.

Miaka kumi na tisa iliyopita aliniandikia ratiba mpya kwa mkono: saa nne kamili chakula, saa nne na nusu michezo. Siku ile simu ililia bila kupumzika na mlangoni kulikuwa na foleni. Nikachapa michezo juu, chakula chini. Akatia saini, barua zikaenda. Niligundua Alhamisi, nilipokuwa nafaili nakala. Nilikuwa tayari na onyo moja kwenye jalada langu kwa barua iliyopotea, na la pili lingenitoa kazini. Nikauchuna, nikangoja kuitwa.

Ijumaa akaenda shuleni, akarudi, hakusema neno. Jumatatu kimya. Mwezi ukaisha, akaniambia nichape barua ya kuwapongeza walimu wakuu kwa kufuata ratiba mpya. Nikabaki mdomo wazi. Ameona? Hajaona? Kama ameona, mbona hanifokei? Na tangu wakati huo, kila barua aliyonipa alinisisitizia niitazame vizuri na nirekebishe panapohitaji. Mimi nilijua ananichoma. Miaka kumi na tisa naisikia sentensi hiyo, na kila barua naisoma neno kwa neno kabla ya kuipeleka.

Mwezi huu ndio nimechanganyikiwa kabisa. Kumbe Mama Sahani amempelekea mkuu wa idara pendekezo kwamba nikaimu nafasi yake. Mimi, karani! Nakala ilipita mezani kwangu, na ndani ameandika kwamba nina busara ya kusahihisha wakubwa bila kuwaaibisha. Nilisoma mara tatu nikitafuta ni nani anayezungumziwa.

Jumanne nikapiga moyo konde, nikaenda kumuuliza. Alikuwa anaondoa vitu kwenye droo: filimbi saba, kamba zilizokatika, na nusu pakiti ya biskuti, zile zile alizopiga marufuku kwenye mageti ya shule. Akacheka kidogo, akaniambia ameona aibu kulisema jambo hili siku zote, ila sasa anaondoka. Ijumaa ile aliikuta ratiba imegeuzwa kwenye ubao wa matangazo wa shule ya kwanza, na damu ikamchemka. Alitaka kurudi palepale aifute. Lakini chakula kilikuwa kinagawiwa, akaona angoje aone uharibifu ulivyo. Akaenda kwenye beseni, sahani tupu. Shule ya pili, tupu. Shule ya tatu akakaa kwenye ngazi ya jikoni. Akajiambia kwamba karani wake ndiye anayesoma taarifa za wapishi kila mwezi, ameona asichokiona yeye, akamrekebishia kimyakimya asiaibike. Alitaka kunishukuru, akaona haya. Baadaye akaona muda umeshapita. Kila alipopigiwa makofi kwa ajili ya Cheza Kwanza, alijiona kama kavaa nguo ya mtu.

Ningenyamaza, jamani, hakuna ambaye angejua. Lakini maneno yakanitoka yenyewe.

"Mama, sikurekebisha kitu. Nilikosea."

Alisimama na filimbi mkononi. Alinitazama, akatazama dirisha, akanitazama tena.

"Kumbe mimi sikuubuni, nawe hukukusudia," akasema. "Sasa wale watoto aliyewafikiria ni nani?"

Tukakaa, tukala zile biskuti.

Nilimwomba aliondoe pendekezo lake, maana limesimama juu ya jambo ambalo halikutokea. Akakataa. "Andika yote kwenye wasifu wangu," akasema, "mkuu asome kabla hajatia saini. Aamue akijua." Nilimkumbusha kwamba huu ni wasifu wake, siku yake, na nikiandika hivyo nitakuwa namvua sifa yake kubwa mbele ya watu. Akasema sifa ya uongo ameivaa miaka kumi na tisa, inatosha.

Basi nimeandika. Nafasi hiyo naitaka, sitaficha. Naitaka hadi nashindwa kula vizuri. Na mkuu husoma karatasi hizi siku moja kabla ya sherehe, kwa hiyo wakati mnaposoma ninyi atakuwa ameshaamua.

Swali la Mama Sahani limenikaa kichwani tangu Jumanne, na bado sijalipatia jibu kamili. Ila kuna jambo moja naliona wazi. Kosa langu lilichukua dakika chache. Ijumaa ile jina lililokuwa chini ya barua lilikuwa lake, kalamu ya kuifuta ilikuwa mkononi mwake, na yeye akaziamini sahani kuliko ratiba aliyoiandika mwenyewe. Halafu kwa miaka miwili akazunguka shule thelathini na moja kwa miguu na raba zile, akiwabembeleza walimu wakuu, akigombania mabomba ya kunawia mikono, akiwatuliza wapishi waliolalamika kwamba watoto wakitoka kucheza wanataka kuongezwa. Hakuna hata bomba moja lililofika shuleni kwa kosa la kuchapa.

Nimejiuliza pia, ningekuwa mimi siku ile na kalamu ile, ningefanya nini. Ningeifuta ile barua kabla ya saa sita, bila hata kuangalia beseni, na usiku ningelala fofofo. Mkuu, na hilo ulizingatie.

Mama, kwa niaba ya kitengo, wapishi, walimu na watoto wanaokula wakamaliza, tunakushukuru. Upate asubuhi za taratibu, magoti yasiyolalamika, na mumeo akupate nyumbani bila majalada. Mimi nina langu la ziada. Miaka yote ile nilikuwa nasimama mlangoni kwako nahesabu pumzi kabla ya kugonga, kwa kuogopa utaniuliza. Kumbe na wewe ndani ulikuwa unaogopa nitasema. Laiti ningegonga mapema.