Banda la Kuku

Ndani ya basi, mbele yangu, yaya aliyefukuzwa kazi ughaibuni kwa kukohoa alikuwa akimweleza fundi cherehani aliyeketi naye jinsi atakavyopokewa nyumbani.

"Mama kanitengea banda la kuku," alisema. "Eti mpaka ugonjwa huu uishe duniani."

"Duniani? Basi utaanza kutaga, dada!" Fundi alicheka ndani ya barakoa. "Na kuku je?"

"Wamehamia chumbani kwangu."

Mimi nilibana kikohozi, nisije nikatafutiwa banda.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," fundi alisema. "Akikuona tu, atakukumbatia."

"Kaka, humjui."

Basi likasimama. Yaya alishuka, akaita, "Mama!" Mama yake aliyekuwa akingoja akarudi nyuma, akilia, akamwonyesha kwa fimbo njia ya bandani.