Rubani Aliyepita Juu ya Nyumba Yetu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa shirika hili la ndege. Marubani na wahudumu mlioruka na ndugu yangu. Mafundi mliomkagulia ndege yake. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe Mama, uliyeketishwa mbele kabisa: nawasalimu kwa heshima zote.

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya familia, kumuaga kazini mdogo wangu, rubani anayestaafu leo. Mimi ni dada yake, fundi cherehani, ninayeishi na Mama. Mheshimiwa Mkurugenzi, umetueleza kwamba kutoka hapa hadi mji anakoishi ndugu yangu ni kilomita mia sita, safari ya kutwa nzima kwa basi, na kwamba yeye aliimaliza kwa saa moja na dakika kumi. Tumepiga makofi, nami nimepiga. Lakini naomba kuuliza: kutoka uwanja wa ndege hadi mlangoni kwa Mama ni nusu saa kwa gari. Mbona hiyo nusu saa ilimshinda? Alitua, akashusha watu, akapakia wengine, akageuza. Sisi tulimwona mara mbili kwa mwaka, tena akitazama saa.

Na bado ndiye kipenzi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawakupata kufika kwetu. Kwetu asiyekuwepo ana kikombe chake kisichoguswa, ana kiti chake, na hata paja la kuku ni lake. Mama akisikia mngurumo angani, huacha kila kitu akatoka uani kupunga mtandio. Siku moja nilimwambia, "Mama, maziwa yanamwagika."

Akanijibu, "Epua wewe. Mwanangu anapita."

"Na mimi ni mwana wa nani?"

"Wewe si upo."

Ndugu wageni waalikwa, nani kati yenu amewahi kusifiwa kwa kuwepo? Anayemkanda miguu, anayemsomea maelekezo ya dawa, anayegombana naye kwa ajili ya chumvi, huyo hapungiwi mtandio. Nisiwafiche: nina wivu. Si wivu wa cheo wala wa mshahara, ndugu yangu. Vyote viwili nakuombea uvile kwa afya. Nakuonea wivu kwa kutamaniwa.

Juzi Mama alinitaka nihamishe cherehani kutoka chumba cha mbele, chenye dirisha, kwa sababu rubani anarudi nyumbani moja kwa moja. Nimehamisha. Nimefagia nyuzi, nimekutandikia kitanda. Karibu sana. Dawa za Mama za asubuhi ni kabla ya chai, na akikwambia amekwisha kunywa, usimwamini.

Maana kesho mimi nasafiri. Rafiki yangu ana duka la nguo katika huo mji wako, naye anatafuta fundi. Sijapata kupanda ndege maishani mwangu. Hiyo saa moja na dakika kumi nami nataka kuionja.

Mheshimiwa Mkurugenzi, wageni waalikwa, asanteni kwa kunitegea sikio.

Mama, usinitazame hivyo mbele za watu. Nimekata tiketi ya kwenda tu. Ya kurudi nitaikata siku nitakayosikia umeuliza, "Hivi binti yangu yuko wapi?"