Bi. Praxeda Luka na Feni Iliyomeza Sauti

Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026, Bi. Praxeda Luka anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, ishirini kati yake akiwa mpimaji wa usikivu katika kliniki yetu ya masikio hapa Chumbageni. Mimi, Sabiri, nimeombwa kuandika haya kwa sababu nimefanya naye kazi chumba kimoja tangu nilipoajiriwa. Nimekubali kwa furaha, ingawa bado simwelewi mtu huyu; namstaajabia tu.

Alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mkonge, akasomea uuguzi, akahudumia wodi ya watoto kwa miaka mingi kabla ya kupelekwa kozi ya upimaji wa masikio. Aliporudi, alikuta watoto wanaogopa vifaa vya kuvaa masikioni. Akatafuta komwe za bao na kikombe cha bati. Mtoto akisikia mlio, atie komwe kikombeni. Tangu hapo watoto hulia wanapoambiwa wamemaliza.

Watu wazima nao walikuwa na visa vyao. Mzee mmoja wa Makorora aliletwa na mkewe, eti haitikii akiitwa. Alipopimwa, alisikia hata mlio mdogo kabisa. Bi. Praxeda alimgeukia mke, akasema kwa upole, "Masikio mazima, mama. Yaliyobaki ni ya nyumbani kwenu." Mzee mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza.

Lakini kisa kitakachobaki vinywani mwetu ni cha mwaka juzi, msimu wa joto, wakati kompyuta mpakato ya kupimia ilipoanza kupiga kelele.

Feni yake ilianza kwa kuvuma, ikaishia kukwaruza. Tukaikunjia khanga na kuiweka chini yake ili isitikisike mezani, kumbe tunaziba matundu ya hewa. Ikazidi kupata moto na kuunguruma. Kila mtu alizoea. Mpimaji huitazama skrini, na mistari ilikuwa ikichorwa kama kawaida.

Bi. Praxeda hakuzoea. Aliona kwamba watoto wa asubuhi wanafaulu, ila kadiri mchana unavyosogea ndivyo wengi wanavyokosa milio minene. Siku moja, mtoto wa mwisho alipotoka, akaketi kwenye kiti kile kidogo, magoti yakimfika kifuani.

"Sabiri, njoo unipime mimi."

Nikapima. Milio minene ilipita, mkono wake haukwenda kwenye komwe. Nikamwambia amekosa karibu yote.

"Zima hiyo mashine ipoe, kisha turudie."

Tuliporudia, kabla feni haijapamba moto, alitia komwe moja baada ya nyingine bila kukosa. Akavua vifaa masikioni.

"Basi si watoto," akasema. "Ni feni. Muungurumo wake unaimeza milio minene."

Mwingine angeita fundi, akaendelea na kazi. Bi. Praxeda alisimamisha upimaji, akatuambia watoto wote waliopimwa tangu kelele zianze warudishwe. Kisha akalitaja jina moja, na sauti yake ikabadilika: Chiku, binti wa miaka minane kutoka Kigombe. Majibu yake yalisema masikio yote mawili ni dhaifu. Baba yake, Badru, alikuwa ameshampatia nafasi katika shule ya bweni ya watoto viziwi, mkoa wa mbali, na Jumatatu ilikuwa safari.

Tukapanda pikipiki mbili mchana uleule. Badru ni fundi cherehani; tulimkuta barazani anashona sare za bweni, tranka likiwa wazi pembeni. Bi. Praxeda hakuketi.

"Nimekuja kukwambia kuwa majibu niliyokupa nayatilia shaka. Mashine yetu ilikuwa na kelele. Mimi ndiye niliyempima, na mimi ndiye ninayekuomba nimpime tena."

Badru aliuondoa mguu kwenye cherehani. "Bi mkubwa, mie nimelia, nimekubali, nimemwambia mtoto naye kalia, kakubali. Leo mwaniambia mashine ilikuwa na kelele?"

"Ndiyo, baba."

"Na akikosa tena?"

"Akikosa tena, Jumatatu nitasafiri nanyi hadi shuleni."

Badru aliikunja sare aliyokuwa akiishona. Akasema, "Haya. Tutakuja, inshallah."

Fundi Godlisten aliifungua kompyuta jioni hiyo. Vumbi lilikuwa limegandana kama sufi kwenye njia ya hewa. Alilitoa kwa brashi, akapaka upya pesti ya kupitisha joto, akatuonyesha beringi ya feni iliyolika. Feni mpya ilikuja na basi la kutoka Dar. Hata ilipotulia, Bi. Praxeda hakuiamini. Alitaka kompyuta ihamie chumba cha pili, juu ya vipande viwili vya mbao ili ipumue, nyaya zipite ukutani, naye amtazame mtoto kupitia kioo.

Chiku alipoingia, alisema shikamoo kwa kupaza sauti, maana tangu majibu yale nyumbani kwao kila mtu alikuwa akipiga kelele. Akapimwa sikio la kulia. Mlio mnene ulipita. Mkono haukusogea. Mimi na Bi. Praxeda tulikuwa tumebanana nyuma ya kioo. Kisha komwe ikalia kikombeni. Ikafuata nyingine, na nyingine. Sikio la kushoto lilikosa milio mingi. Hilo lilikuwa dhaifu kweli.

"La kulia ni zima," Bi. Praxeda akamwambia Badru. "Aketi mbele darasani, upande wa kulia umwelekee mwalimu. Shule yake ileile."

Badru aliinuka. Alisogea nyuma ya binti yake, akainama, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akasema kwa kunong'ona, "Chiku."

"Abee, baba."

Badru akakaa chini sakafuni.

Watoto wengine saba walibadilishiwa majibu mwezi ule. Bi. Praxeda hakupenda tumsifu. Alituagiza kuketi kila asubuhi kwenye kile kiti kidogo na kujipima wenyewe kabla ya kumpima mtoto wa mtu. Ndivyo tufanyavyo hadi leo.

Sasa anahamia kwenye michungwa yake Muheza. Bi. Praxeda, ahsante kwa kuturudisha nyuma pale ambapo ilikuwa rahisi kusonga mbele. Mungu akujalie afya, majirani wema na mvua kwa wakati wake. Uishi vyema, mama yetu.